Kwa nini mgeni wa warsha anafika Kasapa kabla ya mwenyeji wa Lubumbashi?

#1 Asista_Kasapa
Jambo yenu wote.

Nina swali limenikaa kooni tangu juma lililopita. Tulikuwa na warsha ya siku tatu pale campus ya Kasapa, ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na mimi ndiye niliyewekwa mlangoni na kalamu, beji na karatasi ya mahudhurio. Tulipanga kuanza saa mbili na nusu asubuhi. Saa mbili na dakika kumi ukumbini kulikuwa na watu wanne: mama mmoja wa Dar es Salaam aliyekuja kwa basi, karibu kilomita 2,000, kijana wa Ndola, docta mmoja wa Kalemie, na mzee wa Kolwezi. Wa Lubumbashi, hata wa dawa.

Mwenzetu wa kwanza wa hapa mjini aliingia saa tatu na robo, na huyo anakaa Makomeno, mtaa wa karibu! Msimamizi wa kikao, ambaye nyumba yake iko mtaa wa Golf, alifika saa nne kasoro akaniuliza kama chai imekwisha.

Siku ya pili vile vile. Ya tatu vile vile. Karatasi zote tatu ninazo. Majina yamefuatana kwa jinsi watu walivyoingia, wa mbali juu, wa karibu chini, mtu anaweza kudhani nilipanga kwa kilomita.

Sitaki kusikia "ndiyo tabia yetu Waafrika". Mama wa Dar naye ni Mwafrika. Nipeni sababu.

#2 Terili77
Malori.

#3 Asista_Kasapa
Papa Terili, malori gani? Malori ya shaba yako barabara ya Likasi na ile ya Kasumbalesa. Ya Kasapa wanapita wanafunzi na mbuzi.

#4 Terili77
Malori, nakwambia.

#5 Dereva_Ruashi
Mimi naendesha teksi, nawabeba ninyi wote wenye makabrasha. Sababu ni nyepesi. Mgeni anachukua "course", gari zima lake, anaketi nyuma peke yake kama gavana, tunaondoka. Mwenyeji hachukui course, anajua bei. Anangoja gari lijae. Wawili mbele pamoja nami, wanne nyuma. Wakiwa watano siondoki. Huyo wa mbele ataangalia saa, atapiga ulimi, ataniambia ana mkutano na wazungu. Siondoki. Mafuta hayajui mkutano.

Na mtu wa sita akipatikana, unakuta mmoja wa nyuma amechoka, ameshuka kwenda kununua vocha. Tunaanza kungoja upya.

#6 Kidogodogo
😂😂 Hiyo ya vocha imenikuta hapa Posta juzi. Na aliyeshuka nilikuwa mimi.

#7 MkenyaHalisi
Wacha niwape yangu ya 2019. Nimeshuka uwanja wa ndege wa Luano, nimelala hoteli ya katikati ya mji, asubuhi nikasema leo nitatumia usafiri wa wananchi. Nikasimama barabarani. Hiace ikapita, kijana ananing'inia mlangoni anaita "Kenya! Kenya! Kenya!" Nikajitazama kama nimevaa jezi ya Harambee Stars. Ya pili ikaja, "Kenya! Kenya!" Nikamwambia, ndugu, mimi natoka huko, naenda Kasapa. Watu ndani wakacheka mpaka dereva akageuka.

Kumbe Kenya ni komini, sehemu ya mji hapa, yenye soko kubwa. Hakuna aliyenionya. Kwenye barua ya mwaliko kulikuwa na ukurasa mzima juu ya mavazi.

Jambo lingine: hizo Hiace usukani uko kulia, na ninyi mnaendesha upande wa kulia wa barabara. Kwa hiyo mlango wa abiria unafungukia katikati ya barabara! Nilishuka nikakutana uso kwa uso na lori.

#8 Terili77
@MkenyaHalisi rudia hapo mwisho, Asista asome vizuri.

#9 Kidogodogo
@MkenyaHalisi na kwa nini inaitwa Kenya? Babu yangu alikuwa na hadithi moja, shangazi yake ana nyingine.

#10 Asista_Kasapa
Tafadhali tusianze na jina la Kenya, uzi utafika kurasa arobaini.

#11 Kijana_Mbeya
Wakuu salaam. Naomba kudandia uzi. Nimepata mwaliko wa warsha hapo Kasapa mwezi ujao, mimi ni mwanafunzi wa uzamili, nauli ninalipa mwenyewe kwanza halafu wanarudisha (nimesikia hadithi za "wanarudisha"). Natokea Mbeya. Ndege siiwezi. Nipite wapi, na nitambue vipi kwamba nimefika?

#12 Msafiri_Kopabelti
Mdogo wangu, wewe una bahati kuliko mtu wa Dar, sehemu kubwa ya safari tayari umeikalia. Mimi nimeipita njia hiyo miaka tisa na mizigo.

Mbeya hadi Tunduma ni asubuhi moja. Unavuka kwa miguu, upande wa pili ni Nakonde, Zambia. Mtanzania hahitaji viza kuingia Zambia. Badili kwacha hapo kiasi cha kukufikisha tu, usibadili zote. Panda basi la kushuka na Great North Road: Isoka, Mpika, Serenje, Mkushi, mpaka Kapiri Mposhi. Ni usiku mzima na mchana kipande, usikae kiti cha nyuma ya gurudumu. Ukipenda reli, TAZARA inaishia hapo hapo Kapiri, kilomita 1,860 kutoka Dar, lakini treni ina ratiba yake na warsha ina ya kwake. Usizioanishe.

Kapiri geuka kaskazini magharibi: Ndola, Kitwe, Chingola, Chililabombwe, halafu Kasumbalesa. Utaona foleni ya malori kabla hujaona mpaka. Usiogope, foleni hiyo si yako, wewe una miguu. Cheti cha homa ya manjano kiwe mkononi, si ndani ya begi la chini. Barua ya mwaliko itoe nakala tano, ya Kifaransa, yenye muhuri. Muhuri ukiwa mkubwa maswali yanapungua. Habari ya viza ya Kongo ulizia ubalozi kabla hujatoka nyumbani, usisikilize watu wa kwenye uzi, mimi nikiwemo.

Kuvuka tu, magari yanahama upande. Zambia walikuwa kushoto, sasa wako kulia. Tazama pande zote mbili kama kuku. Teksi za kujaza watu za kwenda Lubumbashi zipo pale pale, ni kama kilomita 90 hivi, lami.

#13 Ramani_ya_Babu
Mkuu Msafiri, kwa nini asikate kona Serenje, apite Mansa, avuke daraja la Chembe, atokee Mokambo? Kwenye ramani ni fupi.

#14 Msafiri_Kopabelti
@Ramani_ya_Babu kwenye ramani hata mimi ni kijana. Kile kipande cha katikati ni ule mguu wa Kongo ulioingia ndani ya Zambia. Ukipita Chembe unaingia Kongo, ukifika Mokambo unatoka Kongo kwenda Mufulira, kisha uingie Kongo tena Kasumbalesa. Mihuri mitatu badala ya mmoja, na mwanafunzi hana umri huo wa kupoteza.

#15 Ramani_ya_Babu
Anaweza asitoke Mokambo, akaendelea humo humo ndani hadi Lubumbashi.

#16 Msafiri_Kopabelti
Anaweza. Apite wakati wa masika, akifika atuandikie.

#17 Docta_wa_Ziwa
Nimechelewa kuuona uzi huu. Huyo docta wa Kalemie wa kwenye #1 ni mimi, na naomba niseme kwa nini nilifika mapema, maana si kwa sababu ya wema.

Mwaka wa kwanza nilipokuja Lubumbashi nilimwambia dereva neno moja: "Kasapa." Akaniuliza, "Kasapa?" Nikajibu, "Kasapa." Akanitazama kwenye kioo kwa huruma, akanyamaza njia nzima. Mimi nikafikiri ni mtu mpole. Tukasimama mbele ya ukuta mrefu, lango la chuma, askari, na kina mama wenye vyungu vya chakula wamepanga mstari. Dereva akageuka akaniambia polepole: "Papa, ni ndugu yako yuko ndani?"

Gereza kuu la Lubumbashi nalo linaitwa Kasapa. Nilikuwa na suti nyeusi na uso wa kukosa usingizi, angefikiria nini kingine?

Tangu siku hiyo naondoka saa kumi na mbili hata kama warsha iko mtaa wa pili. Mgeni anatenga muda wa kupotea, @Asista, asipopotea ule muda unabaki, ndiyo maana unamkuta amekaa. Mwenyeji hatengi muda wa kupotea mjini kwake.

#18 Kijana_Mbeya
Nimeandika kwenye daftari: Kasapa CAMPUS.

#19 Bi_Kigoma
Jirani Docta, salamu kutoka ng'ambo ya ziwa! Mimi ninayo sababu nyingine na ni ya aibu yangu. Mwaliko wangu uliandikwa kwa Kifaransa, mtu mwema wa kamati akaona anisaidie, akaugeuza Kiswahili. Kifaransa kilisema "8h30". Yeye akaandika: "Tunaanza saa 8.30."

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Saa 8.30 ni saa nane na nusu, watu wamekwisha kula. Nikalala, nikafua blauzi, nikanywa chai na ndizi kwa utulivu, nikapanda teksi saa saba. Nikaingia ukumbini nimenyooka na mawasilisho yangu. Mezani nikakuta mifupa ya kuku, chupa tupu za maji na mama mmoja anakunja vitambaa vya meza. Jina langu lilikuwa la pili asubuhi. Waliniita mara tatu, wakasema "atakuwa amezuiwa mpakani".

#20 Asista_Kasapa
Pole sana, yaya, dada yangu mkubwa. Lakini wewe ni mgeni na ulichelewa, unaniharibia hesabu.

#21 Bi_Kigoma
Nimeitengeneza, mdogo wangu. Nusu ya wenyeji wako huenda wanasoma saa kwa Kiswahili na kamati inaandika kwa Kifaransa.

#22 Kidogodogo
Hapana, yaya, barua za hapa tunazisoma kwa Kifaransa, 8h30 tunaijua. Kuchanganyikiwa kwa saa kupo, lakini ni kwa Kinshasa. Wao wako nyuma yetu kwa saa moja. Tulikuwa na mtoa mada wa Kinshasa kwa mtandao, tukamngoja dakika 60 kamili tukimwona kwenye kioo anakunywa kahawa, na yeye anajua amewahi. Dar nao wako mbele yetu kwa saa moja. Huyo mama wa Dar wa kwenye #1 huenda hakubadili saa yake! Kwake ilikuwa saa tatu na dakika kumi, alijiona amechelewa.

#23 Asista_Kasapa
Hii sikuifikiria. Lakini kijana wa Ndola je? Zambia na sisi saa ni moja.

#24 Dereva_Ruashi
Wa Ndola alichukua course.

#25 MamaKatuba
Nimewasoma wote kuanzia malori hadi saa. Mimi ni mmoja wa wale wa chini ya karatasi yako, @Asista, nadhani wa mwisho kabisa siku ya pili. Nafundisha miaka kumi na minne. Wacha nikuambie asubuhi yangu, uitie kwenye uchunguzi wako.

Maji kwetu Katuba yanakujaka usiku, kidogo, kama mtu anayekojoa kwa woga. Saa kumi nimeamka kupanga bidon, madumu ya maji. Saa kumi na moja mbabula (jiko la makala, yaani mkaa) inawaka, makala yakiwa mabichi unapuliza mpaka macho yanatoka. Watoto watatu, sare za buluu na nyeupe, na kila asubuhi kuna soksi moja iliyopotea, haijawahi kuwa mbili wala kukosa kabisa. Shule inaanza saa moja na nusu. Nawafikisha, natembea hadi barabara kubwa. Gari la kwanza hadi Kenya (ndugu yetu wa Nairobi anijibu nikimsalimia), la pili hadi mjini, la tatu Kasapa. Yote matatu yanajaza kwanza, kama alivyosema Dereva. Hesabu mwenyewe: nangoja watu kumi na wangapi wasionihusu kabla sijafika?

Hiyo ni siku kavu. Siku ya mvua naondoka na kandambili, viatu vya warsha viko ndani ya mfuko wa plastiki. Nikishuka campus nasimama nyuma ya jengo, nina chupa ndogo ya maji kwenye mkoba, nanawa miguu ule udongo mwekundu, nafuta kwa kitambaa, navaa viatu, naingia nikiwa madamu. Siku ile ya pili uliniandikia saa nne na dakika tano. Nilikuwa campus tangu saa nne kasoro robo. Hizo dakika ishirini nilikuwa nanawa miguu, upepo ukanichukulia mfuko, nikaukimbiza.

Mgeni wako anaamka, kitanda kitatandikwa na mtu, chai iko mezani chini, gari linapiga honi. Mpe Katuba yangu wiki moja, halafu mkae wote wawili na karatasi.

#26 Kidogodogo
Mama 🙏🏾

#27 Asista_Kasapa
Mama, samahani sana. Sikujua ya miguu. Ningekuwa nimekuandika saa nne kasoro robo.

#28 MamaKatuba
Acha tu, mwanangu. Na chai ilikuwa imekwisha kweli.

#29 Mzee_wa_Bel_Air
Mama Katuba amesema ukweli wa kwake, lakini msimamizi wa Golf hana bidon wala mbabula. Ana gari na dereva. Yeye kwa nini?

Mimi nimekaa kwenye kamati nyingi. Warsha haianzi kabla kiongozi mwenye kufungua hajafika. Kiongozi haji kabla hajaambiwa kwamba ukumbi umejaa. Ukumbi haujai kwa sababu kila mwenyeji anajua kiongozi hajafika. Mgeni peke yake ndiye hajui mchezo huu, kwa hiyo anakuja saa iliyoandikwa.

#30 Mhasibu_Mstaafu
Mzee, unazunguka mlima. Bahasha ya usafiri inasainiwa lini? Mchana, baada ya chakula. Isainishe saa mbili na nusu uone kama msimamizi wa Golf hatalala ukumbini.

#31 Mzee_wa_Bel_Air
Tulijaribu. Walikuja saa mbili na nusu, wakasaini, saa tatu tukabaki na wageni wale wale wanne.

#32 Mhasibu_Mstaafu
😂 Sina la kuongeza.

#33 Kijana_Mbeya
Wakuu, swali nje ya mada kidogo. Uwanja wa TP Mazembe uko mbali na Kasapa? Siwezi kufika Lubumbashi nikarudi Mbeya bila picha ya pale alipocheza Samatta.

#34 Kidogodogo
Uko Kamalondo, unapafika kwa urahisi kutoka mjini. Samatta ni mtoto wetu, mwambie kila mtu Mbeya. 2015 fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya USM Alger alifunga kule na akafunga hapa. Sauti ilifika hadi Ruashi. Mwaka huo huo akatuacha akaenda Genk.

#35 Msafiri_Kopabelti
Sahihisho: Genk alikwenda Januari 2016, baada ya kupewa tuzo ya mchezaji bora anayecheza ndani ya Afrika. Na ni mtoto wa Mbagala, ninyi mlimlea tu.

#36 Kidogodogo
Anayelea ndiye mzazi. Muulize Kidiaba, kipa wetu wa zamani.

#37 Terili77
Kidiaba angefika Kasapa kwa kurukaruka na makalio angewahi kuliko teksi ya Dereva_Ruashi.

#38 Dereva_Ruashi
Na angelipa course.

#39 Ramani_ya_Babu
Turudi. Mnasahau kwamba kosa ni la waliojenga campus mbali. Chuo kimeanza 1981, mji ulikuwa umekwisha jaa, wakakipeleka porini.

#40 Mzee_wa_Bel_Air
1981 ndipo kilipopata jina la Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kilifungua milango 1956, mji ukiitwa Élisabethville, na 1971 kikaunganishwa na vyuo vingine kuwa chuo kikuu kimoja cha taifa, miaka kumi ndipo kikaachwa kijitegemee. Porini ndiyo, hilo sikatai. Mji wa kati ulichorwa kwa rula tangu 1910 reli ilipofika kutoka kusini, mitaa imenyooka, ukisimama Posta hupotei. Ukitoka nje ya rula ndipo unahitaji kuuliza watu. Kijana wa Mbeya akipotea atafute dohani ya Gécamines, kampuni ya madini, na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba pembeni yake. Vyote vinaonekana toka mbali.

#41 MkenyaHalisi
@Kijana_Mbeya na pesa: beba dola, noti mpya, zisizo na mkunjo wala wino. Nilikuwa na noti ya hamsini yenye mpasuko mdogo kuliko ukucha wa mtoto, ilizunguka mji mzima siku tano ikarudi nami Nairobi. Lakini chenji ya franka utakayopewa itakuwa laini kama kitambaa cha kufutia vyombo, imeunganishwa kwa gundi, na hiyo inapokelewa! M-Pesa ipo, ya dola na ya franka, ila kwa laini ya huku. Ile yako ya Tanzania isikudanganye kwa sababu ni Vodacom.

#42 Bi_Kigoma
Na koti. Warsha yangu ilikuwa Juni, usiku nilivaa kanga zote tatu nilizokuja nazo kama zawadi.

#43 Kijana_Mbeya
Ahsanteni sana. Nitaleta mrejesho.

*(wiki tano baadaye)*

#44 Kijana_Mbeya
Nipo Nakonde. Basi linasema linaondoka saa tisa. Sijui ni saa tisa ya nani, Bi Kigoma.

#45 Bi_Kigoma
Kaa ndani ya basi usishuke.

#46 Kijana_Mbeya
Kapiri. Nilikaa nyuma ya gurudumu.

#47 Msafiri_Kopabelti
Hawasikii hawa.

#48 Kijana_Mbeya
Kasumbalesa nimevuka. Foleni ya malori nilitembea kando yake nikaacha kuhesabu kwenye sitini. Cheti cha manjano kiliulizwa mara mbili. Nilitazama upande mmoja tu wakati wa kuvuka barabara, mama muuza mandazi akanivuta shati, kifungo kimoja kimebaki pale. Sasa niko kwenye teksi, wanne nyuma, nilivyoambiwa. Tunangoja mtu wa mbele.

#49 Dereva_Ruashi
Karibu Kongo.

#50 Asista_Kasapa
Karibu sana, ndugu yetu. Kesho tunaanza saa MBILI NA NUSU ASUBUHI, nimeandika kwa herufi. Mlangoni ni mimi tena, na karatasi ninayo. Jina lako nitalitazama kwa jicho la pekee.

#51 Kijana_Mbeya
Saa moja na dakika arobaini asubuhi. Nimefika Kasapa. CAMPUS, si ile nyingine, nilimwambia dereva mara tatu mpaka akakasirika. Mlango wa ukumbi umefungwa. Kuna mlinzi na mbuzi wawili. Nadhani nimekuwa wa kwanza, mkuu Asista! Ila wale wageni wengine sioni hata mmoja.

#52 Kijana_Mbeya
Saa mbili na robo. Bado niko na mlinzi. Ameninunulia karanga.

#53 Asista_Kasapa
Ndugu yangu, uko wapi??? Umeme wa campus ulikatika jana jioni na jenereta imegoma. Tumehamia mjini, ukumbi ulio nyuma ya kanisa kuu. Ujumbe tuliuweka kwenye kundi la WhatsApp saa tano usiku!

#54 Kijana_Mbeya
Kifurushi kiliisha jana, hapa natumia simu ya mlinzi. Nyuma ya kanisa kuu? Mimi nimelala mbele ya kanisa kuu.

#55 MamaKatuba
Mwanangu, pole. Mimi nimefika saa mbili kamili, leo ni magari mawili tu na hapa hakuna udongo. Nakuwekea chai.

#56 Asista_Kasapa
Kwa kumbukumbu za uzi: saa mbili na nusu, waliosaini ni ishirini na mmoja. Wote wa Lushi, hapa hapa Lubumbashi. Msimamizi wa Golf ni wa tatu. Mgeni, hata mmoja. Sijui niandike nini.

#57 Mhasibu_Mstaafu
Andika kwamba kutoka Golf hadi mjini ni karibu na kuna hoteli yenye kifungua kinywa.

#58 Mzee_wa_Bel_Air
Au kwamba leo hakuna kiongozi wa kufungua.

#59 Kijana_Mbeya
Nimekodi course, nimo peke yangu nyuma kama gavana. Tumetoka campus dakika kumi zilizopita, sasa tumesimama. Dereva amezima gari ameshuka kutazama. Kuna lori limelala barabara nzima.

#60 Terili77
Asista, karatasi unayo?